Biarusi asiyeinamisha macho

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nina saluni ya kupamba maharusi hapa Mombasa. Mteja amenitumia kwa WhatsApp picha ya biarusi wa Kizungu aliyekunja uso, anakutazama kama aliyekufumania. Chini yake ameandika 'mchoro wa kimahaba'. Nimeipenda mpaka nataka kuichapisha niitundike ukutani, lakini wasichana wangu wa kazi wamegawanyika. Mmoja anasema imetengenezwa na akili mnemba, maana kitambaa ni laini mno. Mwingine anasema biarusi mwenye uso huo ni nuksi kwa saluni. Mimi nataka kujua huyu ni nani, ana hasira au ana haya, na je, aliyemchora alikuwa upande wake?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikwambie kwamba hicho ulichotumiwa ni kipande. Umepewa uso na mabega, na ndivyo inavyozunguka kwenye simu tangu ilipovuma TikTok, watu wakiitumia kuonyesha hasira za wanawake. Picha kamili ina watu wanne. Waliokatwa ni wanawake wawili na msichana mdogo, na bila hao huwezi kujua aliyeketi katikati ana nini.

Mchoraji ni Auguste Toulmouche, Mfaransa aliyezaliwa Nantes mwaka 1829 na kufia Paris mwaka 1890. Picha hii aliichora mwaka 1866 kwa rangi ya mafuta juu ya turubai. Si kubwa: kimo chake ni kama sentimita 65 na upana 54, unaweza kuibeba kwapani. Kwa Kifaransa inaitwa La Fiancée hésitante, yaani mchumba anayesitasita. Jina hilo nitalirudia, maana nina ugomvi nalo.

Akili mnemba basi haihusiki. Lakini msichana wako asione haya, jicho lake limeona jambo la kweli. Ulaini ule ndio uliokuwa fahari ya wachoraji wa aina hii. Walifundishwa kwamba picha iliyokamilika haionyeshi mkono ulioichora. Unaanza kwa kuchora mistari mpaka umbo likae sawasawa, unaweka vivuli kwa rangi nyepesi ya udongo, unangoja ikauke, unapanda juu yake kwa rangi yenye mafuta zaidi, kisha unapitisha brashi laini, kavu, juu ya rangi ingali mbichi mpaka michirizi yote ipotee. Mwisho vanishi. Wafaransa wenyewe walizitania picha hizo wakisema zimelambwa.

Katika kazi hiyo hakuna mtihani kama satini nyeupe. Nilipokuwa najifunza, mwalimu wangu alitandika kipande cha satini juu ya kiti akaniambia nikichore. Siku mbili nzima nikawa namimina rangi nyeupe tu, na kitambaa kikatoka kama ukuta uliopakwa chokaa. Akaja, akachukua karatasi ngumu, akaitoboa tundu dogo la kupita ushanga, akanipa nichungulie satini kwa tundu lile. Nikaona kijivu. Nikasogeza kidogo, nikaona manjano ya siagi. Nikasogeza tena, nikaona wekundu hafifu, na huo ulikuwa ukitoka kwenye shati langu mwenyewe. Weupe wenyewe ulikuwa mahali pamoja tu, juu ya mgongo wa mkunjo, mwembamba kama uzi. Sasa litazame gauni la biarusi huyu kwa namna hiyo. Wewe unayeshika vitambaa vya harusi kila wiki utaona upesi kuliko wanafunzi wangu: weupe ni michirizi tu, sehemu kubwa ni kivuli, na jicho lako ndilo linalokamilisha kazi na kusema "nyeupe".

Ufundi huo Toulmouche aliupata kwa Charles Gleyre, Mswisi aliyefundisha uchoraji Paris. Njia ya mchoraji wakati ule ilikuwa imenyooka: uingie darasa la bwana mkubwa, upeleke kazi zako kwenye maonyesho makubwa yaliyoitwa Saluni (ndiyo, jina moja na biashara yako, na neno ni lilelile), wazee wa kamati wazikubali au wazikatae, magazeti yaandike, matajiri wanunue. Picha zilizotoka katika mfumo huo ndizo tunazoziita za kiakademia. Zilikuwa na vyeo pia. Picha za historia, za dini na za masimulizi ya kale zilikaa juu. Maisha ya nyumbani yalikuwa ngazi za chini, karibu na mandhari na mabakuli ya matunda. Toulmouche alichagua ngazi ya chini na akaishi vizuri, kwa sababu wenye fedha walitaka kutundika nyumbani kwao kitu kinachofanana na nyumba zao. Hata Kaisari Napoleon III alinunua kazi yake.

Hilo neno "kimahaba" la mteja wako nadhani limetoka kwenye "Uromantiki", na hapo nusu amepatia. Uromantiki ulikuwa mwamko wa kuupa moyo kipaumbele: ghadhabu, hofu, dhoruba, vita. Bingwa wake Ufaransa alikuwa Eugène Delacroix, aliyefariki mwaka 1863. Kufikia 1866 dhoruba ile ilikuwa imeingizwa ndani, ikakalishwa kwenye kiti cha sebuleni, ikavishwa satini. Moyo bado unachemka, ila sasa unachemka huku watu wanatabasamu na mlango umefungwa. Mahaba yenyewe kwenye picha hii sijayaona.

Tuingie chumbani. Biarusi ameketi katikati, amegeuzwa kwetu. Mwanamke mmoja amemwinamia, anambusu kipaji. Mwingine amemshika mkono. Nyuma yao, mbele ya kioo, yule msichana mdogo amechukua taji la maua la biarusi, analijaribisha kichwani mwake na kujitazama.

Ukiona tukio kama hilo Mombasa utajua moja kwa moja hao wawili wanafanya kazi gani. Ni kazi ya somo, yule mwanamke anayemfunda na kumsindikiza biarusi. Mmoja anabembeleza, mwingine anashika mkono usije ukatetemeka mbele za watu. Wamevaa vizuri, wamekuja kwa sherehe, na sidhani kama wana ubaya naye. Lakini tazama jinsi walivyomkaribia: kipaji kimeshikwa, mkono umeshikwa, kiti kiko chini yake. Hana pa kugeukia ila mbele. Na mbele tupo sisi.

Hapa ndipo nakuomba uwe mwangalifu, kwa sababu jicho la Pwani linaweza kukupoteza. Biarusi wetu siku ya kutolewa hukaa kimya, ameinamisha macho au ameyafumba kabisa, uso hauna tabasamu, na sote tunasoma hapo haya na heshima. Akicheka sana watu wananong'ona. Kwa hiyo nimeelewa kwa nini umeuliza kama huyu ana haya. Lakini haya hushusha macho. Huyu ameyainua, ameyakaza chini ya nyusi zilizoshuka, na hayaendi kwa anayembusu wala kwa aliyemshika mkono. Mdomo umefungwa kwa nguvu. Wala hakuna chozi. Ni hasira, mwanangu, na ni hasira ya mtu aliyekwisha kusema yote aliyoweza kusema, ikawa haikusaidia.

Maua ya taji lile ni ya mchungwa. Kwetu biarusi hunukia asmini na vikuba. Kwao taji la maua ya mchungwa ndilo lilikuwa alama ya biarusi, hasa baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa alipoolewa Februari 1840. Mchungwa una tabia ya kuchanua na kuzaa kwa wakati mmoja, ndiyo sababu ukachukuliwa kuwa ishara ya usichana na ya uzazi kwa pamoja. Taji hilo lilipaswa kuwa kichwani kwa anayeolewa. Toulmouche amelipeleka nyuma kabisa, kwa mtoto ambaye haujui bado uzito wake, na mtoto amefurahi. Kwangu mimi hicho ndicho kipande chenye makali zaidi katika picha nzima, kuliko hata yale macho. Miaka kumi iliyopita huenda biarusi naye alisimama mbele ya kioo namna ile. Na miaka kumi ijayo kiti ni cha nani?

Sasa hasira yenyewe inatoka wapi? Picha haituambii jina la bwana wala umri wake, na hayumo chumbani. Lakini watu wa 1866 hawakuhitaji kuambiwa, kwa sababu ndoa katika tabaka lile ilikuwa mkataba wa koo mbili. Kinyume na kwetu, ambako mahari humfikia mke kutoka kwa mume, kule mali ilitoka upande wa binti. Baba alitenga fungu lililoitwa dot, likaandikwa kwenye mkataba mbele ya mwanasheria, na ukubwa wa fungu hilo ulichangia sana kuamua binti anaolewa na nani. Sheria za mwaka 1804, za Napoleon wa Kwanza, zilisema wazi kwamba hakuna ndoa pasipo ridhaa. Sheria hizohizo zilisema binti asiyetimiza miaka 21 hawezi kuolewa bila ruhusa ya wazazi, na kifungu cha 213 kikasema mume anawiwa kumlinda mke, na mke anawiwa kumtii mume. Akishaolewa hakuweza kushtaki mahakamani wala kuuza mali bila idhini ya mume. Talaka ilikuwa imefutwa mwaka 1816 na haikurudi mpaka 1884. Waliweza kutengana kwa amri ya mahakama, lakini kuolewa tena, mpaka mmoja afe.

Kwa hiyo neno "ndiyo" ambalo huyu binti anakwenda kulisema mbele ya meya, na baadaye kanisani kama familia inataka, halina mlango wa nyuma. Kwetu tumefundishwa kwamba bikira akiulizwa akanyamaza, ukimya wake ni ridhaa, na masheikh wamesisitiza kwamba lazima aulizwe kwanza. Mimi nikiutazama ukimya wa binti huyu najiuliza ni nani chumbani mle aliyemuuliza.

Ndiyo maana naligombania jina. "Anayesitasita" ni mtu aliye njia panda, mguu huku na mguu kule. Huyu hasiti hata kidogo, moyoni mwake jibu lilishatoka. Wengine huiita picha hii "biarusi asiyetaka", na hilo ni karibu zaidi na ukweli. Jina la kusitasita linamwambia mtazamaji atulie, mambo madogo haya, atazoea. Uso wake unakataa.

Swali lako la mwisho ndilo gumu, nami sitakupa jibu la kumpendezesha mchoraji. Toulmouche aliishi kwa kuwauzia watu walewale waliokuwa wakiandika mikataba ya dot. Chumba kizuri, vitambaa vya bei, wasichana warembo wenye siri ndogondogo: hiyo ndiyo ilikuwa bidhaa yake. Mwaka mmoja kabla alichora wasichana walioingia kwa siri kwenye maktaba ya nyumbani kusoma vitabu walivyokatazwa, mmoja ametega sikio mlangoni. Akaiita Le Fruit défendu, tunda lililokatazwa. Ni picha ya kuchekesha wazazi, hakuna anayeumia. Mwandishi Émile Zola aliwaona wanawake wa Toulmouche kuwa midoli, na kwa picha zake nyingi siwezi kumbishia.

Kwa hii namkatalia Zola. Fikiria ungelipwa kuchora biarusi mwenye huzuni. Njia rahisi ni kumgeuza uso kando, umwekee chozi, leso mkononi, na mnunuzi amwonee huruma kisha aende kula. Chozi lingemfanya binti mali ya huruma yetu. Toulmouche hakuvitia. Alimgeuza binti uso kwa uso na mtu aliyelipa, yaani bwana aliyesimama sebuleni kwake na sigara mkononi akikagua picha aliyonunua. Kumbuka pia kwamba mwaka 1865, katika maonyesho ya Paris, mchoraji Édouard Manet alikuwa ameonyesha Olympia, mwanamke aliye uchi anayemkazia macho mtazamaji, na watu wakaghadhibika vibaya. Sisemi Toulmouche alimwiga. Nasema kila mchoraji wa Paris alikuwa ameona kinachotokea mwanamke kwenye picha akikurudishia macho, na yeye akayaweka macho hayo kwa binti wa nyumba ya heshima aliyevaa nguo zake zote. Je, alikuwa upande wake? Kwa maisha yake, hapana. Kwa mkono wake, siku alipokuwa anachora uso huu, naamini ndiyo.

Kuna jambo jingine la mwaka huohuo ambalo sipendi likupite. Toulmouche alikuwa amemwoa binamu wa Claude Monet, mchoraji ambaye baadaye alipata jina kubwa kuliko yeye, na Monet aliporudi Paris kijana mkaidi mwaka 1862, familia ilimkabidhi kwa Toulmouche amwangalie. Yeye akampeleka kwa Gleyre, mwalimu wake wa zamani. Mwaka 1866, wakati shemeji mtu anailamba satini ya biarusi huyu, Monet alionyesha Camille, mwanamke aliyevaa gauni la hariri la kijani lenye milia, akiwa amegeuka anaondoka. Gauni lile limepigwa kwa brashi pana ambazo unaweza kuzihesabu. Wote wawili walikuwa wanachora kitambaa cha bei juu ya mwanamke, na wote wawili walimwelewa mwanamke wao. Historia imempa Monet karibu sifa zote, na sehemu kubwa anastahili. Lakini katika kuchora mtu asiye na pa kwenda, ulaini wa Toulmouche umefanya kazi ambayo brashi ya Monet isingeifanya. Kila kitu chumbani kimesuguliwa, kimepigwa pasi, kimelipiwa, mpaka kasoro pekee iliyobaki ni sura yake.

Kuhusu kuchapisha. Hakimiliki haikuhusu tena: mchoraji amefariki mwaka 1890, na kwa sheria ya Kenya ulinzi ni maisha ya msanii na miaka 50 baada yake. Usitumie faili ya WhatsApp, imeshabanwa. Tafuta picha nzima yenye pikseli 5,000 hivi upande mrefu, ndipo itatoka safi kwa ukubwa wa asili, 65 kwa 54. Mwambie mchapaji atumie turubai isiyong'aa, kwa sababu taa za saluni yako zikipiga juu ya karatasi ya kung'aa, satini yote itageuka doa jeupe na ile kazi ya uzi mmoja wa mwanga itapotea. Asikubali kukata ukingo wowote ili ienee kwenye fremu aliyo nayo. Msichana wa nyuma yuko mbali na katikati, ndiye wa kwanza kukatwa.

Nuksi mimi siioni, lakini naheshimu kwamba mteja anayekuja kupambwa amekuja na furaha yake. Usimweke mbele ya kiti cha kupambia, pale ambapo biarusi atamtazama saa tatu mfululizo huku anapakwa hina. Mweke sehemu ya kungojea, kule wanakokaa mama, shangazi na somo. Na usimtundike juu karibu na dari kama fremu ya leseni. Yeye ameketi, nao watakuwa wameketi, kwa hiyo pima usawa wa macho ya mtu aliye kwenye kochi, piga msumari ili uso wake uje hapo.